Dawa Ambayo Sikuitangaza

Kasikeu,
11 Februari 2025

Kwa binti yangu Bushra Hemedi,

Natumaini u mzima, wewe na mama yako Esha. Sisi huku jua ni kali, lakini uzima tunao.

Utashangaa nakuandikia na namba yako ninayo. Nimeacha kupiga simu. Siku hizi nikimpigia mtu ananiuliza, "Ni wewe kweli, ama ni ile ingine?" Kwa hivyo nimenunua karatasi na bahasha pale Sultan Hamud.

Alhamisi iliyopita jirani yangu Mbithe, mke wa Musyimi, alianguka jikoni kwake. Ana ugonjwa wa sukari miaka mingi. Nikakimbia kwenda kusaidia, vile nimezoea. Musyimi akanizuia mlangoni.

"Wewe ndiye ulimwambia aache vidonge," akasema. "Sasa umekuja kuona kazi yako?"

Nikadhani ni uchungu unaongea. Jioni hiyo kijana wangu Muli akapiga simu kutoka Mombasa, anacheka. "Mama, hongera! Kumbe siku hizi unatangaza dawa?" Nikamuuliza dawa gani. Akanitumia.

Bushra, nilikaa chini. Ni mimi. Naongea Kikamba changu, polepole, vile huwa naongea na wagonjwa. Nasema kuna dawa ya maji ya mitishamba inayomaliza ugonjwa wa sukari kwa siku arobaini, na mtu akianza kuinywa aweke kando vidonge vya hospitali. Mimi! Miaka ishirini na mbili mhudumu wa afya ya jamii, nikizunguka na mfuko begani nikibembeleza watu wasiache vidonge!

Tangazo hilo lilikuwa limezunguka kwenye simu za Kasikeu na Mbumbuni, na redioni, kabla mimi sijalisikia. Mbithe alilisikia. Hakuniuliza. Aniulize nini, na amenisikia kwa masikio yake? Aliacha vidonge siku kumi na tisa. Sasa amelazwa, na mguu una kidonda kibaya.

Mtu aliyewahi kuchukua sauti yangu ni wewe peke yako. Mwaka jana, mwezi wa nane, siku tatu kwenye baraza ya nyumba yangu, nikisoma maneno mbele ya simu yako. Uliniambia ni ya kufundisha kompyuta Kikamba, ili wazee wasiojua lugha nyingine wakiumwa wapige simu wajibiwe. Nilifurahi sana hiyo siku. Sasa niambie, sauti yangu ilifikaje kwa muuza dawa?

Nijibu kwa kalamu.

Mama yako,
Syombua Ndululu (Mama Muli)


Kitui mjini,
24 Februari 2025

Mama Muli mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimesikitika kwa yaliyompata Mama Mbithe. Tunamwombea shifaa.

Nimewasilisha jambo lako kwa kampuni yetu inayokusanya sauti. Wakubwa wamenijibu kwamba sauti zote zimehifadhiwa kwa usalama, na kwamba si ajabu sauti za watu wawili kufanana. Wamenikumbusha pia kuwa ulitia sahihi fomu ya idhini kwa hiari yako na kwamba utaratibu wote ulifuatwa.

Ushauri wangu ni kuwa uwaeleze watu kanisani kwamba si wewe. Mambo ya mtandaoni hayakai. Baada ya mwezi mmoja watakuwa wanazungumza mengine. Usijali sana.

Ramadhani inakaribia na kazi zimekuwa nyingi, kwa hiyo nikichelewa kujibu tafadhali usinihesabie kosa. Mama anakusalimu. Bado anausifu ule muthokoi, yale mahindi ya kutwanga uliyomfungia.

Wako,
Bushra


Kasikeu,
8 Machi 2025

Binti Bushra,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani imeandikwa na mtu mwingine.

Unasema sauti hufanana. Mwaka juzi niling'olewa jino la mbele. Tangu hapo nikitamka "sy" hewa inapita kwenye pengo na kupiga mluzi kidogo. Hata jina langu mwenyewe nalipigia mluzi, wajukuu wananicheka. Sikiliza hilo tangazo kila penye "sy". Mluzi wangu upo. Huyo mwanamke anayefanana na mimi, na jino pia amepoteza lilelile?

Unasema niwaeleze watu kanisani. Nilisimama Jumapili nikawaambia si mimi. Nyuma yangu mtu akaendelea kufungua peremende. Tulipotoka, Mwongeli, mwenyekiti wa akina mama, akanishika mkono. "Mama Muli," akasema, "pumzika kidogo kutembelea wagonjwa, mpaka maneno yapoe." Nikamuuliza, "Hata wewe huniamini?" Akatazama chini. "Nakuamini. Lakini pia nimekusikia."

Mbithe amekatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Nilienda hospitali na uji. Alinitazama, akageukia ukuta. Tumeteka maji kisima kimoja tangu tuolewe, Bushra. Miaka thelathini na nane.

Nimekumbuka jambo. Siku ya fomu ulikuwa unanisomea vizuri, ukinieleza kila mahali kwa Kikamba. Tulikuwa tumefika karatasi ya nne mbuzi wa jirani wakavamia ndengu zangu zilizoanikwa, tukakimbia wote wawili. Tuliporudi dereva wako alikuwa anapiga honi. Ukaniambia, "Zilizobaki ni kama hizo hizo, Mama, weka sahihi hapa." Nikaweka.

Hizo zilizobaki zilisema nini? Nitumie nakala ya hiyo fomu.

Syombua


Kasikeu,
5 Aprili 2025

Bushra,

Mwezi umekwisha na hujanijibu. Najua mlikuwa mmefunga, na Idi imepita juzi. Natumaini mlisherehekea vizuri.

Mbithe ametoka hospitali. Hakuja nyumbani kwake. Amepelekwa Mbumbuni kwa binti yake Kanyiva, kwa sababu, wanasema, hapa hakuna wa kumwangalia. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua mia mbili.

Kama unaumwa nijulishe. Kama huumwi, nijulishe pia.

Syombua


Kitui mjini,
14 Aprili 2025

Mama Muli,

Siumwi.

Barua yako ya pili niliificha kabatini. Ya tatu mama yangu ndiye aliyeichukua posta, na kwa kuwa jina lako analijua, akaifungua kwa furaha akidhani ni salamu za Idi. Nilipotoka kazini nilimkuta ameketi nayo.

"Huyu si yule mama aliyekulisha siku tatu?"

"Ndiye."

"Na hii si barua yake ya kwanza."

"Ni ya tatu."

"Ya pili iko wapi?" Nikaenda kuitoa. Aliisoma yote, miwani imeshuka puani. Kisha akauliza, "Ulifunga Ramadhani nzima, Bushra, na barua hii iko kabatini?"

Usiku ule nilichukua kalamu.

Nakuandikia kile nilichopaswa kukuandikia Februari. Ile sauti ni yako. Niliitambua siku ile ile nilipoisikiliza, hata kabla hujanitajia mluzi. Mwezi wa Desemba kampuni ilitutumia ujumbe wa pongezi kwamba sauti kumi na mbili kati ya tulizokusanya zimepata wanunuzi. Ya tisa ilikuwa yako. Kompyuta ikishajifunza sauti ya mtu, mnunuzi anaandika maneno yoyote anayotaka, nayo inayasema kwa sauti hiyo. Muuza dawa aliandika yake.

Fomu nimeiambatanisha. Tulipoachia ni kifungu cha sita. Soma cha saba. Kinasema kampuni inaweza kuitumia sauti ya mtu kwa biashara nyingine yoyote, kuiuza au kuikodisha, bila kumrudia kumuuliza. Hicho sikukusomea. Kulikuwa na haraka, dereva alikuwa anapiga honi, na tulikuwa na watu wengine saba wa kufikiwa siku hiyo.

Na jambo jingine. Nilipokujibu Februari nilikuwa ndiyo kwanza nimepandishwa cheo, nisimamie wanaorekodi sauti Kitui, Mwingi na Makueni yote. Yale maneno ya "utaratibu ulifuatwa" waliniandikia wao. "Usijali sana" ni yangu mwenyewe. Ndiyo yanayoniuma zaidi.

Nimesoma sheria ya kulinda data. Idhini ya jambo ambalo mtu hakuelezwa si idhini, na hata aliyeitoa anaweza kuiondoa. Kuna ofisi ya serikali Nairobi inayopokea malalamiko ya namna hii. Ukiamua kulalamika, nitasimama shahidi kwamba sikukusomea. Najua yatakayonifika kazini. Amua wewe.

Sithubutu kukuomba msamaha kwa barua.

Bushra


Kasikeu,
27 Aprili 2025

Bushra,

Nilikaa na barua yako siku tatu. Nilikukasirikia, sitakuficha. Si kwa sababu ya mbuzi na honi. Ni kwa sababu ya ile barua ya Februari. Mtu hukosea. Lakini ulijua, na ukaniambia nitulie.

Siku ya nne nilikuwa napepeta mtama, nikakumbuka jambo la zamani. Watu fulani wa utafiti walituletea fomu, na nilikuwa na akina mama sitini wa kupitia kwa siku mbili. Niliwashika vidole nikavitia wino, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechambua maharagwe. Hakuna hata mmoja aliyejua kilichoandikwa. Mimi mwenyewe sikukijua. Hakukutokea baya, kwa hivyo sikuwahi kuliita kosa. Nimewakumbuka wale akina mama mmoja mmoja, wengine wamekufa.

Sisemi hivyo ili wewe upumue. Nasema kwa sababu ni kweli.

Nikaichukua fomu nikaenda kwa Musyimi. Nilimkuta anakatia ng'ombe nyasi.

"Hapa ndipo sauti yangu ilipitia," nikamwambia.

"Mama Muli, mimi sijui mambo ya kompyuta. Ninachojua ni kwamba mke wangu alikuamini."

"Najua."

"Sasa unataka nini?"

Nikamwambia nataka karatasi za hospitali za Mbithe ziende pamoja na malalamiko yangu, ili hao watu wajue kilichokatwa ni vidole vya mtu. Alirudi kwenye panga lake. Nikasema haya, nikageuka kwenda. Nilikuwa nimefika kwenye mkonge akaniita. Aliingia ndani akatoka na bahasha ya hospitali, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Basi tuandike. Kazi yako itapotea, na mimi sitakuambia usijali.

Mama yako,
Syombua


Kasikeu,
17 Julai 2025

Bushra,

Nakuandikia nikiwa na hasira, usishangae mwandiko.

Juzi, siku ya malalamiko yetu kusikilizwa na ile ofisi ya Nairobi, nilifika Sultan Hamud saa mbili asubuhi, nimevaa vitenge vya kanisani. Wavinya, mwenye saiba, lile duka la mtandao, alinipangia kiti mbele ya kompyuta, akanipa maji. Nikawaona wote kwenye kioo, mko huko Nairobi: yule mama ofisa aliyeketi katikati, wakili wa kampuni, na wewe pembeni, umekonda tangu wakufukuze kazi. Nilijisemea leo nitasikika kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wakili akaniuliza, "Mama, hii sahihi ni yako au si yako?" Nikasema ni yangu. Akasema, "Basi ulikubali." Nikaanza kumjibu. Nilikuwa nimesema maneno machache hivi, nyuso zenu zikaganda, kioo kikawa cheusi. Wavinya alihangaika na nyaya hadi jasho likamtoka. Tulikaa hapo saa nzima. Hakuna aliyenipigia.

Walinikata. Nimefikiria njia yote kurudi, na sioni maana nyingine. Waliona mzee wa kijijini ameanza kujibu, wakabonyeza. Kwanza wamechukua sauti yangu wakaisemesha nisichowahi kusema, sasa mimi mwenyewe nikisema inazimwa.

Tuiache hii kesi. Mvua za mwezi wa kumi hazitaningoja, na shamba halijalimwa. Nimechoka, Bushra.

Syombua


Kitui mjini,
28 Julai 2025

Mama Muli,

Tafadhali usiache. Soma hii mpaka mwisho kwanza.

Hawakukukata. Mtandao ulipotea Sultan Hamud yote siku hiyo, hata benki zilifunga milango, Wavinya atakueleza. Nilikupigia mara nne jioni, na simu yako ulikuwa umeizima. Ngoja nikwambie kilichotokea chumbani baada ya wewe kupotea.

Wakili alisema, "Tuendelee. Mlalamikaji amekwisha kujibu."

Yule mama ofisa akaweka kalamu chini. "Hajajibu," akasema. "Ameondoka katikati ya sentensi. Amesema, 'Niliweka sahihi kwa kile nilichosomewa, na...' Na nini? Mimi nataka kujua na nini."

Wakili akasema muda unakwenda. Ofisa akamjibu kwamba huo muda utakwenda hadi Kasikeu na kurudi. Tarehe tano Agosti atakuja msaidizi wake nyumbani kwako kuandika maneno yako yote, kwa Kikamba, na kukusomea tena alichoandika kabla hujaweka sahihi. Barua rasmi iko njiani.

Kisha wakanigeukia mimi.

"Ulimsomea kifungu cha saba?"

"La."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na jibu langu tayari, lile nililokuandikia, la honi na watu saba. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamtazama yule mama, nikajisikia nikisema, "Kwa sababu nilijua hangekubali."

Wakili aliacha kuandika. Hata mimi nilishtuka. Lakini ndiyo kweli, Mama Muli, na nimekaa nayo tangu siku ile. Wale mbuzi walinisaidia. Wengi niliowaandikisha niliwasomea haraka kifungu hicho kwa Kiswahili kigumu, nikijua hawatauliza. Kwako nilijua utauliza. Nilikuandikia kwamba ilikuwa haraka, na barua ile niliiita ya ukweli. Haikuwa. Hii ndiyo.

Watu thelathini na saba wengine niliowarekodi wamejiunga na malalamiko. Nimekwenda kwa kila mmoja kwa miguu yangu, nimemsomea kifungu cha saba, nikaketi hapo akinitukana. Mzee Mulinge wa Mwingi alinifukuza na fimbo, kisha akaniita ninywe chai.

Ukitaka kuacha baada ya haya, ni haki yako. Lakini mwambie huyo mtu wa tarehe tano ulichotaka kusema. Hata mimi nataka kujua na nini.

Bushra


Mbumbuni,
12 Septemba 2025

Syombua,

Mwandiko ni wa Kanyiva, maneno ni yangu. Macho yangu siku hizi si mazuri.

Nilikusikia redioni jana, asubuhi na mchana na jioni. "Mimi ni Syombua Ndululu wa Kasikeu. Ile sauti iliyowaambia mwache vidonge iliibwa kwangu. Rudieni vidonge vyenu, na yule aliyeacha aende hospitali leo, asingoje kesho." Kanyiva akanisomea na uamuzi wenyewe kwenye simu, kwamba sauti yako ifutwe kila mahali, kwamba wale watu wa kampuni wairudie kila fomu waulize upya, na kwamba mwenye dawa amepelekwa kortini. Nikamwambia asome tena pale mahali ulipoongea. "Niliweka sahihi kwa kile nilichosomewa, na ambacho sikusomewa ni cha yule aliyekificha." Nikasema huyo sasa ndiye Syombua.

Nataka kukwambia kilichoniuma, kwa sababu wengine wanadhani wanajua. Si vidole. Hata si kwamba ulidanganya. Niliposikia lile tangazo mara ya kwanza niliwaza, kumbe kuna dawa nzuri namna hii, na rafiki yangu ameitangazia dunia nzima kabla ya kuvuka ua aniambie mimi. Niliinywa hiyo dawa nikiwa nimekununia. Hospitali nilipokugeukia ukuta, ni hilo.

Mimi nami nilikosa. Hatua mia mbili ningezitembea nikuulize, wakati huo vidole nilikuwa navyo vyote.

Natembea na fimbo, polepole. Njoo Jumamosi. Kanyiva atapika.

Mbithe


Kasikeu,
9 Novemba 2025

Kwa binti yangu Bushra,

Habari za Kitui? Mvua imenyesha huku siku sita mfululizo, na ndengu zimeota vizuri. Nasikia umeweka meza karibu na soko, unawasaidia watu kujaza maombi yao ya serikali kwenye mtandao. Nasikia pia wanalalamika foleni haisongi, kwa sababu unamsomea kila mtu kila neno kabla hajabonyeza. Waache walalamike.

Mbithe amerudi nyumbani kwake. Mwongeli alikuja na akina mama wanne kuniomba nirudie kutembelea wagonjwa. Niliwapa chai, nikawafanya wangoje jibu mpaka wakamaliza vikombe. Mimi pia ni binadamu.

Sasa nikupe habari kubwa. Wiki mbili zilizopita serikali ya kaunti iliita wananchi mjini Wote kutoa maoni. Wanataka kweli kuleta ile huduma ya simu, mgonjwa apige aulize kwa Kikamba, ajibiwe na kompyuta kwa Kikamba. Ukumbi ulijaa. Mzee mmoja wa Mbumbuni alisimama akasema ipigwe marufuku, tumeona yaliyompata Mama Muli. Watu wakapiga makofi. Wengi wakanigeukia mimi, wakingoja nimalizie.

Nilisimama. Nikawaambia kuna bibi kule kwetu, mumewe alikufa usiku wa mvua kwa sababu aliyepokea simu hospitalini hakujua Kikamba, na bibi hakujua kusema "pumu" kwa lugha nyingine. Nilikuwa mhudumu wa kijiji hicho. Nilifika asubuhi. "Mimi nataka hiyo simu," nikasema. "Lakini sauti ya mtu isichukuliwe tena kwa fomu ya kusomewa nusu. Isomwe yote, kwa Kikamba, mbele ya shahidi aliyechaguliwa na mwenye sauti. Kisha aende nayo nyumbani akae nayo wiki mbili. Na siku yoyote akibadili nia, itolewe." Wakaandika. Nilisubiri mpaka nikaona karani ameandika, kisha nikamwambia anisomee. Alicheka, lakini alisoma. Mjadala haujafika mwisho katika bunge la kaunti, na wanasema utaratibu wetu utachelewesha mambo. Lakini wameanza kuufuata kwa majaribio.

Najua kwa sababu walikuja Jumanne kuniomba sauti yangu.

Niliwapangia viti. Kisha nikasema leteni fomu, na shahidi wangu ni Mbithe. Ilisomwa kuanzia saa tatu hadi saa sita. Mbithe aliwasimamisha mara kumi na moja. Walipofika mahali pameandikwa "na washirika wengine watakaohitajika," akagonga fimbo sakafuni. "Hao ni akina nani? Wana majina?" Yule kijana wa kaunti akasema ni lugha ya kawaida tu ya mawakili. Mbithe akanyoosha mguu wake wa kushoto mbele yake, akavua kiatu. "Na mimi hii ni lugha yangu ya kawaida," akasema. "Andika majina."

Watakapoanza kurekodi nimewaambia nataka urekodi wewe. Walishtuka, kwa maana habari zako wanazijua. Nikawaambia ndiyo sababu. Usinijibu haraka, nawe pia fikiria.

Fomu iko hapa mezani. Mbithe amechora mstari chini ya maneno anayotaka yabadilishwe, ni mahali patatu. Kesho Jumatatu tunaipeleka mjini Wote sisi wawili. Wakiyabadilisha, nitaweka sahihi. Wasipoyabadilisha, tutarudi nayo.

Msalimie Esha. Mwambie mahindi mapya yakikauka nitamtwangia muthokoi mwingine.

Mama yako,
Syombua Ndululu